Mposaji wa Bustanini

Koplo alikuwa amevaa shati la maua makubwa, mekundu na ya manjano, na amejipulizia manukato mpaka Inspekta akateremsha kioo cha gari.

"Nilikwambia uvae kiraia," Inspekta alisema. "Sikukwambia uvae pazia."

"Kazi ya siri, afande, inataka mtu achanganyike na watu."

"Wewe utachanganyika na maua."

Koplo alicheka, tumbo likatikisika. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wakubwa, na katika kituo kizima hakuna aliyempita kwa kupenda kula. Tangu aambiwe kwamba Jumamosi hiyo kazi yao itakuwa kukaa kwenye mgahawa wa bustani wenye bendi, alikuwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo.

Inspekta hakuwa na furaha hiyo. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimsaka mtu ambaye pale kituoni walimpa jina la Mposaji. Wanawake watatu, wote wajane, walikuwa wamemletea hadithi ile ile. Mwanamume mtanashati, mwenye maneno matamu, aliwaposa, akawaletea zawadi ndogo ndogo, halafu akaomba dhahabu zao azipeleke kwa sonara zichorwe herufi za majina yao wawili. Akenda nazo, asirudi. Kwa wa kwanza alikuwa nahodha wa meli, mwenye ndevu. Kwa wa pili alikuwa mwagizaji wa magari, hana ndevu ila ana miwani. Kwa wa tatu alikuwa daktari wa meno mwenye mvi. Hakuna aliyekuwa na picha yake, maana kila simu ilipoinuliwa aligeuza uso.

Mambo mawili tu yalifanana. Wote watatu aliwaleta kula kwenye bustani hii, Jumamosi jioni, bendi ikipiga. Na wote watatu aliwakalisha mkono wake wa kulia. Wa pili alikuwa amekumbuka vizuri zaidi: "Siku moja nilikaa kushoto kwake. Akainuka, akabeba kiti chake, akazunguka upande wa pili. Nikamuuliza kulikoni, akasema moyo uko kushoto, anaogopa nitausikia unavyodunda."

Lakini hata mmoja hakukubali kusimama mahakamani. "Nina wakwe mimi," alisema wa kwanza. "Wanangu wakisikia, sura yangu nitaiweka wapi?" alisema wa tatu. Wakashika mikoba yao, wakaaga kwa adabu, na Inspekta akabaki na kesi isiyo na shahidi.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni simu ya Shangazi.

Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba yake, mkunga mstaafu, mjane wa siku nyingi. Ndiye aliyemlea Inspekta tangu utotoni, akamsomesha, akamsimamia mpaka siku ya harusi yake. Jumatano alikuwa amempigia akicheka kama msichana. "Mwanangu, nimepata mtu. Amestaafu upimaji wa ardhi. Jumamosi ananitoa, twende ile bustani yenye bendi. Njoo umwone, ila usije ukamhoji."

Inspekta alikuwa ameketi kitandani. "Shangazi, huyo mtu umewahi kumpiga picha?"

"Picha ya nini? Si utamwona mwenyewe?"

*

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama walipoingia getini. Taa za rangi zilikuwa zimeviringishwa kwenye matawi, meza za mbao zimetawanywa juu ya nyasi, na katikati kulikuwa na chemchemi iliyorusha maji kwa kusitasita, kama mtu mwenye kikohozi. Jukwaa la bendi lilikuwa mbele. Mtu aliyeketi kulitazama, jiko lilikuwa kushoto kwake, nyuma ya ukuta mfupi uliofunikwa na maua, na geti lilikuwa kulia kwake. Moshi wa kuku ulipita juu ya vichwa vya watu. Koplo aliufuata kwa macho.

"Agiza, lakini kaa peke yako," Inspekta alimwambia. "Na ule ukitazama."

"Nitakula kwa jicho moja, afande."

Shangazi alikuwa ameshafika. Alivaa gauni la zambarau, amejitia wanja, na alikuwa amemkumbatia Inspekta kabla huyo hajakaribia meza sawasawa. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye koti la kahawia lililopigwa pasi kwa uangalifu.

"Huyu ndiye binti yangu," Shangazi alisema. "Na huyu ndiye yeye."

Mpimaji aliinamisha kichwa. "Nimefurahi, mama," alisema kwa sauti ya chini, midomo ikifunguka kidogo tu. Kisha akamvutia Shangazi kiti, akamkalisha taratibu.

Mkono wake wa kulia.

Inspekta alikaa mbele yao, akatabasamu. Alijaribu kwanza kitu chepesi. "Shangazi, sogea huku kwangu tuongee. Kaa upande huu wa kushoto kwake, hapo unapigwa na moshi."

"Hapana," Mpimaji alisema haraka. "Hapo yuko vizuri."

"Moshi hauli mtu," Shangazi alisema.

Mhudumu alikuja. Shangazi aliagiza kuku nusu na chipsi, Inspekta akaagiza samaki. Mpimaji aliagiza supu, tena akaomba iachwe ipoe. Inspekta alijiuliza mtu gani anatoka nyumbani jioni ya Jumamosi, katikati ya harufu ile, anywe supu ya baridi. Mtu asiyetaka kushika chakula kwa mikono, labda. Au mtu asiyetaka kukaa sana.

"Ulipima wapi na wapi, mzee?" aliuliza.

"Sehemu nyingi."

"Kazi ngumu ile. Jua kali."

"Kidogo."

Majibu yalikuwa mafupi kama ya mshukiwa aliyefundishwa na wakili. Inspekta alitoa simu. "Basi niwapige picha moja, watu wa nyumbani waone mlivyopendeza."

Mpimaji akageuza uso upande wa jukwaa, kiganja shavuni. "Siku nyingine, mama. Leo niachie."

Inspekta aliiweka simu mezani taratibu.

Mpimaji alipoinuka kwenda kunawa, Shangazi aliinama mbele. "Unamwonaje?"

"Mkimya."

"Wiki nzima hakuwa mkimya. Labda anakuogopa wewe. Nilimwambia kazi yako, akasema anaiheshimu." Shangazi alinyosha vidole vyake juu ya meza, akavitazama kwa mapenzi. Kidole cha pete kilikuwa kitupu.

"Pete yako iko wapi?"

"Ameiazima tangu juzi. Anaipeleka kwa sonara." Akacheka. "Usinitolee macho hivyo, mwanangu."

Inspekta alitazama upande wa Koplo, ambaye alikuwa na paja la kuku mdomoni, akamkonyeza: jiandae. Koplo akaacha kutafuna. Mpimaji alikuwa anarudi, anajifuta mikono kwa kitambaa, na Inspekta akaanza kupanga maneno. Alijua akimkamata mtu huyu mbele ya Shangazi, kicheko kile hakitarudi leo wala mwaka huu. Lakini afanyeje? Amwache?

Mpimaji akaketi. Akachota supu. Na hapo ndipo sinia likaanguka.

Mhudumu alikuwa ametoka jikoni na gilasi zimepangana, mguu ukanasa kwenye waya wa taa. Kishindo chake kilizima mazungumzo bustani nzima. Vichwa vyote viligeukia jikoni. Mpimaji naye aligeuka kushoto moja kwa moja, akauma kijiko, akashika shavu na kutoa mlio mdogo wa uchungu.

Inspekta hakutazama jikoni. Kazi yake ilikuwa imemzoesha, watu wakitazama tukio, yeye kuwatazama watu. Ndiyo maana aliona kwamba karibu na chemchemi kulikuwa na kichwa kimoja kilichokwenda kinyume. Mwanamume mwenye suti ya kijivu, ameketi akilitazama jukwaa, alisikia kishindo kilichotoka kushoto kwake, akageukia kulia. Aligeukia getini. Alitafuta pale, asione kitu, akawatazama watu wengine wanatazama wapi, ndipo naye akafuata.

Kulia kwake alikuwa ameketi mwanamke mmoja. Kushoto kwake kiti kilikuwa kitupu.

"Sikio," Inspekta alisema.

"Sikio gani?" Shangazi aliuliza. "Mwenzio ni jino."

"Jino?"

Mpimaji alikuwa amefumba macho, kiganja bado shavuni. Alipoondoa kiganja na kuinua uso, mwanga wa taa ulionyesha shavu la kushoto, lililokuwa kizani jioni nzima, limevimba kama andazi. "Nimeng'olewa leo asubuhi," alisema, akiona haya. "Nilijua nikiahirisha, atasema namkwepa. Nikasema nitakaa upande huu, asinione nilivyo. Na picha, mama, usinielewe vibaya. Picha ya kwanza na yeye, niwe nimevimba?"

Shangazi alimgeuza uso kwa vidole viwili, akamkagua kwa jicho la kikunga. "Na wewe ukanyamaza na maumivu yote hayo."

"Na pete?" Inspekta aliuliza.

Mpimaji alimtazama Shangazi, akamtazama Inspekta, akakata tamaa. "Nilitaka kipimo cha kidole," alinong'ona. "Siwezi kununua nyingine kwa kukisia. Mimi ni mpimaji."

Inspekta aliangua kicheko mpaka meza ya jirani wakageuka. Alishika mkono wa yule mzee kwa mikono yake miwili. "Baba, nisamehe. Nilikuwa karibu kukufunga."

"Kunifunga kwa nini?"

"Nitakueleza nikirudi. Nina mtu wa kusalimia."

*

Alipita kwanza kwa Koplo, akajifanya anaomba chumvi.

"Yule wa suti ya kijivu, kando ya maji. Ndiye."

Koplo hakugeuza kichwa. "Umejuaje, afande?"

"Sikio lake la kushoto halisikii. Mtu mwenye sikio moja sauti haimwambii imetoka wapi. Kila kitu kwake kinatoka upande ule unaosikia. Ndiyo maana anawakalisha wanawake kulia. Na ndiyo maana anapenda bendi. Hapa kila mtu anamwinamia mwenzake kuongea, nani atamshangaa yeye?"

Koplo alilamba vidole polepole, akifikiri. "Basi niende nikazibe geti."

"Geti liache. Nenda ukasimame kwenye kiza cha yale maua, karibu na jiko. Ukiniona nimeinua gilasi, piga kelele. Sauti yako ya gwaride."

"Na akikimbilia getini?"

"Ukipiga kelele upo jikoni, atakusikia upo getini."

Koplo alitabasamu pole pole, mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Akabeba sahani yake na kwenda.

Inspekta alichukua gilasi ya maji ya matunda, akatembea kwa mwendo wa mtu aliyechoka kusimama, akasimama kando ya kile kiti kitupu. Bendi ilikuwa imeanza wimbo mpya, magitaa yakijibizana.

"Samahani, kiti hiki kina mtu?"

Mwanamume hakujibu. Alikuwa akimkatia mwenzake kipande cha samaki. Aliyejibu ni mwanamke, mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani na sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Hakina, mama. Kaa tu."

Ndipo mwanamume alipotambua kuna mtu. "Oo, karibu, karibu," alisema, na sauti yake kweli ilikuwa tamu. Kisha akamgeukia mwenzake tena.

Inspekta alikunywa kidogo. Akasema, kwa sauti ya kawaida ya mezani: "Bwana, shati lako linaungua."

Mwanamke alishtuka, akamtazama mwenzake kifuani, mgongoni, mikononi. Mwanamume aliendelea kutoa miiba kwenye samaki, ametulia kabisa.

"Haliungui," mwanamke alisema, amechanganyikiwa.

"Nini haliungui, mpenzi?" mwanamume aliuliza.

Inspekta alizunguka meza, akaja kusimama upande wa mwanamke, mahali ambapo wote wawili wangemsikia. "Nilikuwa natania. Dada, mkono wako una alama ya bangili. Mtu mwenye alama kama hiyo hazivui kila siku."

Mwanamke alijishika kifundo cha mkono. "Nimezivua leo. Huyu bwana anazipeleka kwa sonara, achore..." Akasita, akaona haya kidogo. "Herufi zetu."

"Amezichukua lini?"

"Sasa hivi. Kabla chakula hakijaja."

"Mama," mwanamume aliingilia, akitabasamu, "hayo ni mambo yetu ya ndani. Tafadhali rudi kwenye meza yako."

Inspekta alitoa kitambulisho chake cha kazi, akakiweka kando ya sahani ya samaki. Tabasamu la mwanamume halikuondoka, lilikauka tu pale pale lilipokuwa.

"Kuna kosa gani mtu kupewa bangili na mchumba wake?"

"Hakuna. Wewe unafanya kazi gani?"

"Mkandarasi. Madaraja."

"Zamani ulikuwa na meli. Halafu magari. Halafu ukang'oa watu meno. Naomba kitambulisho chako."

"Kiko kwenye gari," alisema, akiinuka na kufunga kifungo cha suti. "Nakileta sasa hivi."

"Kilete," Inspekta alisema, akainua gilasi.

Sauti ya Koplo ilitoka kwenye maua kama radi. "Polisi. Simama hapo hapo."

Mpiga ngoma aliacha kupiga. Mposaji alitazama getini kwa hofu ya mtu anayeona askari asiyekuwepo, akageuka, akatimua mbio kuelekea jikoni. Alipita katikati ya meza mbili, akaruka kiti, akapotelea kwenye kiza cha maua. Kikasikika kishindo cha kitu laini. Kisha Koplo akatokea kwenye mwanga, amemshika kwa ukosi kwa mkono mmoja, mkono wa pili bado umeinua sahani ya kuku bila kumwaga kitu.

"Amekuja mwenyewe, afande," Koplo alisema. "Sijatembea hata hatua."

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya burudani. Inspekta alimpekua palepale, mbele ya meneja wa bustani kama shahidi. Mfuko wa ndani wa suti ulitoa bangili nne zilizofungwa kwenye leso, kitambulisho chenye jina ambalo mwanamke hakuwahi kulisikia, na tiketi ya basi la usiku ule ule, ya kwenda tu.

Mwanamke alikuwa amekuja nyuma yao. Aliisoma tiketi, miwani ikiwa imeshuka puani. "Kesho mchana alikuwa anakuja kwangu," alisema polepole. "Kuonana na wanangu. Nimeshanunua nyama."

Mposaji alifungua mdomo.

"Wewe nyamaza," mwanamke alisema, bila kupandisha sauti, na Mposaji akaufunga.

Koplo alipompeleka kwenye gari, Inspekta alibaki na yule mwanamke kando ya chemchemi. Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Alikwisha kupaona mara tatu: macho yanayoshuka chini, mkono unaotafuta mkoba, sauti inayosema asante na kwaheri.

"Dada, wako wengine kabla yako," alisema. "Hawakutaka kusema mahakamani. Siwalaumu. Lakini bila mtu wa kusema, mwenye suti yule atatoka, na atapata meza nyingine. Sitakulazimisha. Watu wataongea."

Mwanamke alikuwa akizirudisha bangili mkononi. Inspekta alitaka kumzuia, maana zilikuwa ushahidi, akaona aache kwanza. Ya kwanza iliingia, ya pili ikagoma kwenye kiungo, akaisukuma mpaka ikapita.

"Wataongea kweli," mwanamke alisema. "Mama mkwe wangu wa zamani ataongea mpaka sauti imkauke." Alitoa leso, akajifuta chini ya miwani, akapenga kamasi kwa nguvu bila kuona haya. "Unajua kazi yangu? Mwalimu mkuu. Kila asubuhi nasimama mbele ya mamia ya watoto, na wote wanacheka mgongoni kwangu nikigeuka. Nitashindwa kusimama mbele ya hakimu mmoja, tena ameketi?"

Inspekta alitoa kijitabu chake cha kazi.

"Na hao wengine, niletee namba zao za simu," mwalimu aliendelea. "Nitaongea nao mimi. Wewe una sauti ya kipolisi, unawatisha."

"Siruhusiwi kutoa namba zao."

"Basi wape yangu."

Bendi ilikuwa imerudi, na Shangazi alikuwa amesimama kwenye nyasi mbele ya jukwaa, anamvuta Mpimaji kwa mikono yote miwili. Yule mzee alipinga kidogo, halafu akaacha kupinga. Aligeuka kuwa mchezaji hodari kuliko alivyokuwa mzungumzaji.

"Umekuja na nani?" mwalimu aliuliza.

"Na familia. Wale pale wanaocheza."

"Samaki wangu amepoa, na kukaa naye pale peke yangu sitaki."

"Wangu sijamgusa kabisa," Inspekta alisema. "Njoo tumle."

Mwalimu mkuu alichukua mkoba wake, akaliweka gauni sawa, akatangulia kuelekea mezani kana kwamba yeye ndiye aliyealika.